Kuisoma China kutoka Mtoni

Siku ile tulikuwa sita ofisini, ukimhesabu na fundi wa feni. Mzee Kitwana, mwenye ofisi, alikaa nyuma ya meza yake akijipepea kwa bahasha. Deo, karani wa nyaraka, alikuwa dirishani na mafaili magotini. Bi Mwanahawa, kiongozi wa kikundi cha akina mama wa Mbagala wanaochekecha ufuta, alipewa kiti kizuri, kile chenye miguu minne mizima. Mzee Shomari, mfasiri wetu wa Kichina, aliegemea mlango wa jikoni. Fundi wa feni alikuwa juu ya ngazi, bisibisi mdomoni. Wa sita ni mimi, Skolastika, ambaye ninyi wenzangu wa ofisini mlinizoea kwa jina la Dada China.

Nawataja wote kwa sababu wote walisikia nilichosema siku ile, na ni mmoja tu kati yao aliyejua nilichokuwa nimeambiwa nusu saa kabla, jikoni. Mwezi uliopita nilistaafu, nanyi mkaniomba niwaandikie namna kazi yangu inavyofanywa. Nitaandika. Lakini siwezi kuieleza kazi ile nikairuka siku ile, na siku ile haieleweki bila kuanza mwanzo.

Niliacha shule darasa la sita. Baba alikuwa mbeba mizigo bandarini. Alifariki, na mama akamfuata kabla mwaka haujaisha. Nyuma yangu walikuwepo wanne, wa mwisho wao Benedikti, ambaye hata meno yalikuwa hayajamtoka yote. Ndugu walikuja kutoka Mbinga, wakakaa kikao cha kutugawana. Niliwaambia hatugawanyiki. Baba mdogo akaniuliza, "Utawalisha nini?" Nikamjibu, "Nitakachokula mie." Halikuwa jibu la akili, ila lilimaliza kikao. Nilipika vitumbua, nikafua nguo za watu, na jioni nilikagua madaftari ya wadogo zangu ili wasinidanganye. Ndivyo nilivyosoma sekondari: kwa kukagua. Kiingereza nilichonacho ni cha madaftari ya Benedikti, pamoja na makosa yake.

Nilipoingia ofisi ya Mzee Kitwana, pale Mtoni kando ya barabara ya Kilwa, niliajiriwa kupika chai na kufagia. Magari ya ufuta yalipanda kutoka Lindi, ofisi ikanunua, ikasafisha, ikapakia kwenda China. Mnunuzi wa huko tulimjua kwa sauti ya simu na mashine ya faksi iliyokuwa ikitafuna karatasi. Jikoni palikuwa na redio ndogo ya mawimbi mafupi, iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli ili betri zisianguke. Nilipokuwa nikiosha vikombe jioni niliikamata idhaa ya Kiswahili iliyotoka huko huko China. Watangazaji walikuwa Wachina, na Kiswahili chao kilikuwa safi kuliko changu. Nilianza kuwasikiliza kwa ajili ya lugha. Habari zikanifuata zenyewe.

Mwaka wangu wa pili, mnunuzi alinyamaza. Faksi hajibu, simu hapokei. Mzee Kitwana alizunguka ofisi nzima akisema, "Mchina kanikimbia! Kanikimbia na mzigo wangu!" Nikaingia na sinia la chai.

"Hajakimbia, mzee," nikasema. "Yuko kwa mama yake."

"Umemjulia wapi mama yake?"

"Wana mwaka mpya wao. Redio imesema nchi nzima imepanda treni kurudi nyumbani. Atafungua ofisi wakimaliza sikukuu."

Akanitazama kama vile sinia limesema. Sikukuu zilipoisha, mnunuzi akapiga simu mwenyewe, akaomba radhi. Tangu siku hiyo niliandika sikukuu zao kwenye kalenda ya ukutani kwa kalamu nyekundu, maana hazishiki tarehe moja kila mwaka. Hiyo ndiyo ilikuwa zana yangu ya kwanza ya kazi. Mpaka leo nasema mtu anayetaka kuielewa China aanze na kalenda kabla hajaenda kwa wachambuzi wa televisheni. Wachambuzi hawana lolote baya, ila hakuna hata mmoja aliyepata kutuambia ofisi itafunguliwa lini.

Mwalimu wangu alikuja baadaye. Mzee Shomari, mwenyeji wa Kigamboni, alipelekwa China ujanani kujifunza ufundi wa injini za reli, akakaa miaka, akarudi na Kichina chake na kamusi. Ile kamusi jalada lake lilikwisha zamani. Aliishona kwa sindano ya magunia na uzi wa katani. Mzee Kitwana alimwita aje mara mbili kwa wiki kusoma barua. Alipogundua kuwa mpika chai anasikiliza redio na kuandika kwenye daftari, aliliomba daftari lenyewe, akalisoma lote kwa kusimama.

"Umeandika 'Wachina wanataka hivi, Wachina wanakataza vile,'" akasema. "Mchina yupi?"

"Serikali yao, mzee."

"Serikali ipi? Wa forodha? Wa wizara? Wa mkoa? Au huyu wa Mbezi anayeuza vigae? Naye ni Mchina, na mie nimemuuliza, hajui lolote."

Alinicheka wiki nzima kwa hilo. Kila nilipomkaribisha chai alisema, "Watanzania wameniletea chai." Lakini toka hapo sikuandika tena sentensi yenye Wachina bila kusema ni nani kati yao.

Alinifundisha maswali matatu, ambayo ninyi mmeyakuta yamebandikwa juu ya meza yangu. La kwanza, nani kasema? La pili, ni rasimu au imekwisha kuwa amri? La tatu, inaanza lini na wapi? Yanaonekana mepesi mpaka uyatumie. Nawapa mfano mmoja. Siku moja soko zima la Kariakoo liliamka na habari kwamba China imefunga mlango wa ufuta. Watu walikuwa wakishusha magunia kwenye magari. Tukakaa na Mzee Shomari, yeye na kamusi, mimi na daftari. Kumbe bandari moja tu ilikuwa ikijaribu ukaguzi mpya. Wana tabia hiyo: jambo hulijaribu kwenye mji mmoja, wakaliangalia linavyotembea, ndipo wanalisambaza au wanaliacha life kimya kimya bila kuaga. Tulipeleka mzigo bandari nyingine, ukaingia. Wiki ile ndipo Mzee Kitwana aliponiondoa jikoni, ingawa chai niliendelea kuipika kwa sababu aliyefuata alikuwa akiichemsha kama dawa.

Ndivyo ilivyoanza Karatasi ya Jumatatu. Ukurasa mmoja, habari tatu au nne, na chini ya kila habari mstari unaosema inatuhusu vipi. Niliibandika mlangoni. Wafanyabiashara wadogo wa Temeke walikuja kuisoma, na wasiopenda kusoma niliwasomea. Bi Mwanahawa alikuwa akisikiliza amefumba macho, na ole wako uruke mstari. "Rudi nyuma, Skola. Hapo umepita mbio, unaficha nini?"

Nilijifunza kusoma hotuba zao ndefu bila kusinzia. Siri ni kutosoma moja. Unachukua ya mwaka jana na ya mwaka huu, unaziweka sambamba, unatafuta kilichohama. Habari ya kulima zaidi mbegu za mafuta nyumbani kwao ilikuwa chini kabisa, mwaka uliofuata ikapanda, na uliofuata tena ikapanda. Hakuna aliyetangaza lolote, lakini mtu wa ufuta aliyeona aya ikipanda ngazi alijua ajiandae kusafisha mzigo wake vizuri zaidi, kwa sababu mnunuzi angeanza kuchagua. Simu za kutafsiri zilipokuja nilifurahi sana, na bado nazipenda. Unaielekeza kwenye maandishi, inakupa Kiingereza kama cha Benedikti. Lakini simu haikwambii karatasi uliyoshika ni ya nani. Inatafsiri amri na maoni ya mtu wa mtandaoni kwa adabu ile ile.

Sasa nafika kwenye siku ile.

Forodha ya China ilitoa tangazo kwamba maghala ya nje yanayowapelekea vyakula lazima yaandikishwe kwao kwanza, na kwamba baada ya siku fulani mzigo wa ghala lisiloandikishwa hautaingia. Tangazo lilitoka miezi mingi kabla ya siku yenyewe. Deo, ambaye kuchelewa humuumiza tumbo, aliandikisha ghala letu mapema. Lakini kikundi cha Bi Mwanahawa kilikuwa na ghala lao wenyewe Mbagala. Kwa miaka walikuwa wakiwachekechea watu wengine, na ufuta wao ulikwenda China kwa majina ya watu. Mwaka ule, kwa mara ya kwanza, walijaza kontena lao. Walikuwa wamechapisha magunia yenye jina la kikundi. Bi Mwanahawa alikuja na gunia moja tupu, akalitandaza mezani kwa Mzee Kitwana kama mtu anayeonyesha kanga ya arusi.

Kuandikisha ghala kulitaka sakafu itengenezwe, panya wadhibitiwe, fomu zipitie ofisi za hapa kwetu kwanza. Wiki nyingi. Kupakia kulitaka siku mbili, lakini meli ingefika China baada ya siku ya mwisho. Bi Mwanahawa alikuja kuuliza apakie au asubiri.

Nusu saa kabla hajafika, Mzee Shomari alinikuta jikoni.

"Utamwambiaje?" akauliza.

"Apakie. Watasogeza mbele."

"Hawatasogeza."

"Mzee, nimewahi kuona kanuni yao ikisogezwa. Na hii ni dunia nzima, maghala mangapi hayajaandikishwa? Watayaweza wote?"

"Ile waliyoisogeza ilikuwa na kelele, nchi kubwa zililalamika miezi. Hii umesikia kelele? Mwanangu, wakitoa tangazo mapema namna hii, ule muda wote mrefu ndiyo nyongeza yenyewe. Wameshaitoa mbele. Haiji nyingine nyuma."

Nilimwelewa. Naomba mlisome hilo vizuri: nilimwelewa. Lakini Karatasi ya Jumatatu haikuwa imekosea kwa muda mrefu, na mtu asiyekosea kwa muda mrefu huota pembe. Nikamwambia, "Mzee, mbele ya watu niachie niseme mie."

Akanyanyua mikono. "Kazi yako hiyo. Sitakukatiza."

Tukaingia. Bi Mwanahawa akauliza. Nikasema apakie, watasogeza. Nikaeleza kwa sauti ya mtu anayejua, na fundi wa feni akatoa bisibisi mdomoni akiwa huko huko juu, akasema, "Kweli kabisa sista. Si hata laini za simu walisemaga watazima, wakasogeza? Mie mpaka leo ya mke wangu sijaisajili." Watu wote wakacheka. Nami nilicheka, nikalichukua neno lake kama ushahidi. Huko ndiko nilikokuwa nimefika: nikaisoma forodha ya China kwa mazoea ya foleni zetu, ambako siku ya mwisho ndiyo siku ya kwanza ya watu kwenda. Mzee Shomari alisimama pale mlangoni, hakusema neno.

Haikusogezwa. Hata siku moja haikusogezwa. Kontena la akina mama lilifika, likasimama, likakaa bandarini kule wiki baada ya wiki, kisha likarudishwa. Ufuta ulikuwa umeshika unyevu. Ulikwenda kwa mkamua mafuta wa hapa hapa, na yale magunia yenye jina yakaishia kufunikia mkaa.

Bi Mwanahawa alikuja na wenzake wanne. Hakukaa kwenye kiti. Mzee Kitwana alikuwa ameniambia asubuhi kwamba siku hiyo atatafuta mtu wa kumwajibisha, na kwamba anadhani jina ameshalipata, nalo ni langu. Nyumbani kwangu, wakati huo, mdogo wangu Rozi alikuwa ameshafariki na kuniachia mabinti wawili, mkubwa wao akiwa mwaka wa mwisho chuo cha uuguzi. Aliye mkubwa wa yatima hastaafu ukubwa. Mzee Shomari aliyajua hayo yote, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akiniulizia kila wiki, "Muuguzi wangu hajambo?"

Bi Mwanahawa akasema, "Skola, nilikusikiliza nimefumba macho. Nifumbue sasa, nione nini?"

Nilifungua mdomo. Mzee Shomari akanitangulia.

"Kosa langu, Bi Mwanahawa," akasema. "Tangazo nilimfasiria mie. Aya ya tarehe nikaisoma vibaya, nikamwambia kuna nafasi ya kusogezwa. Yeye kasema alichopewa."

Deo akanitazama, anajua faili la tangazo lilikuwa na tafsiri sahihi. Akafunga faili.

Mama mmoja akasema, "Kumbe kamusi yenyewe imeshonwa kwa uzi wa magunia, mlitegemea nini?" Wakacheka kicheko kile cha watu waliolia. Mzee Shomari akacheka nao. Mimi nilimimina chai. Mikono yangu ilikuwa imara kabisa, na hilo ndilo linalonitia aibu kuliko yote.

Nilimkimbilia nje, kituoni. "Mzee, kwa nini?"

"Mie wananitegemea kuku tu," akasema. "Nao hawasomi Karatasi ya Jumatatu."

"Nitawaambia ukweli."

"Subiri muuguzi amalize."

Muuguzi akamaliza. Nikasubiri na mdogo wake amalize. Mzee Kitwana aliacha kumwita Mzee Shomari, taratibu, bila ugomvi, mara moja kwa wiki, kisha mara moja kwa mwezi. Wafanyabiashara wa Temeke waliokuwa wakimletea barua zao barazani waliacha. Mbagala wakampa jina, Mzee wa Kamusi Mbovu, na jina likafika Kigamboni kabla yake. Mtu aliyesoma Kichina kwa miaka mingi kuliko umri wa wengi wenu, kazi iliyombakia ilikuwa kuwasomea majirani maelekezo ya majiko ya umeme.

Mmekuwa mkiniuliza kwa nini kila Karatasi ya Jumatatu ina mstari chini kabisa ulioandikwa "Anayepinga." Mliona ni mzaha wangu wa uzee, hasa wiki zile mlipokosa mpinzani nikamtuma Deo apinge hata kwa nguvu. Mstari ule niliuanzisha wiki ileile Mzee Shomari alipobeba kosa langu. Nilikataa kubandika karatasi mpaka jina la mtu asiyekubaliana nami liandikwe, pamoja na sababu yake, ili msikilizaji azisikie zote mbili. Zaidi ya mara moja mpinzani alikuwa sahihi, na mizigo ya watu ikapona. Kama mtaacha mengine yote niliyowafundisha, kalenda, hotuba mbili sambamba, maswali matatu, msiuache huo. Na asomaye habari za nchi ya mbali asijiulize tu huko wanasema nini. Ajiulize hapa alipo amezoea nini, maana macho anayosomea ni ya hapa.

Nilipokaribia kustaafu nilikwenda Kigamboni. Mzee Shomari anatembea kwa fimbo siku hizi, lakini kila asubuhi bado anasoma matangazo ya forodha kwenye simu aliyopewa na mjukuu.

"Shikamoo, mzee. Nimekuja tulimalize lile."

"Marahaba. Lipi? La kontena? Mie nilishastaafu mpaka kukosea, unanirudisha kazini?"

"Jina lako, mzee."

Nilidhani atafanya mzaha mwingine. "Jina," akasema, "lingerudi, nisingelikataa." Kisha akaniuliza kama nimesoma rasimu mpya ya ukaguzi, akaanza kunieleza, na tukaenda nayo hadi alasiri. Ndiyo mara pekee aliyowahi kuniomba kitu, na aliomba kwa upole hata nikakaribia kutosikia.

Siku ya kuniaga mlikuwepo wengi wenu. Mliniletea keki yenye kalenda juu yake. Bi Mwanahawa alikuja kutoka Mbagala na mkongojo wake, akaomba kusema. Alisema nilikuwa macho yao. Alisema kwa miaka yote hiyo nimewapotosha mara moja tu, na hata hiyo haikuwa yangu. "Usingedanganywa na yule mzee," akasema, "leo tungekuwa na kontena letu." Mkapiga makofi. Mimi nikasimama na kisu cha keki mkononi. Muuguzi alikuwepo, ana watoto wawili sasa. Hakuna tena aliyebaki wa kusubiriwa amalize.

Nikasema, "Asante, Bi Mwanahawa."

Tangu siku hiyo nimekwenda Mbagala mara mbili. Mara zote mbili alinipikia, tukazungumza habari za wajukuu, nikarudi Mtoni nimeshiba. Haya niliyoyaandika ninyi mtayasoma, lakini yeye hasomi, na sitaki asomewe na mtu mwingine. Neno lililosemwa mbele ya watu halifutwi kwa karatasi. Mzee Shomari bado yu hai. Bi Mwanahawa bado yu hai. Sijamwambia.